Mimea ya Mhoja Haitaki Maji

Jioni ya siku tuliyomzika mume wangu, nilikuwa nimekaa mkekani chumbani, nimezungukwa na wanawake wa jumuiya, nikasikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba. Hayakuwa maji ya kuoshea vyombo. Hayo humwagwa kwa mkupuo mmoja, na sauti yake naijua. Haya yalimwagwa taratibu, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayefuata tuta la mchicha. Nyuma ya nyumba yetu hakuna mchicha. Kuna mimea ya Mhoja tu.

Nikainua kichwa. "Nani anamwagilia huko nyuma?"

Mama Rose, jirani yangu, alikuwa karibu yangu na rozari mkononi. Akanishika bega. "Tulia, Mama Jonathan. Kazi zote zina watu."

"Naomba waache. Ile mimea haimwagiliwi."

"Sawa, mama, sawa," akasema, kwa sauti tunayotumia kwa mtoto mwenye homa, kisha akaendelea na Salamu Maria pale alipoishia.

Kwetu mjane hainuki mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Hapiki, hafagii, hachoti maji, na sufuria zake mwenyewe hajui ziko mikononi mwa nani. Nimehudhuria misiba mingi nikiwa upande wa wale wanaofanya kazi, na siku zote niliiona desturi hiyo kuwa ya huruma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa pale, amefunikwa khanga, anabembelezwa na kila anayeingia, huku anasikia kitu kinaharibika upande wa pili wa ukuta na hana ruhusa ya kusimama.

Mume wangu, Mhoja, alikuwa mpasua mawe. Kitongoji chetu kiko upande wa Kamanga, kwenye mwinuko wa mawe matupu. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa, na ng'ambo yake unaliona jiji la Mwanza. Wageni wakiliona ziwa hudhani sisi ni watu wa maji. Huku juu maji hatuna. Mvua ikinyesha inateleza juu ya mawe kama juu ya bati, inakimbilia bondeni kwenye mashamba ya watu, na kwetu inaacha udongo usiotosha kufukia punje ya karanga. Kinachoota ni miiba na vichaka vifupi vinavyopukutisha majani kiangazi kikianza. Hata mbuzi hupanda huko wakikosa pa kwenda.

Kazi ya kina Mhoja ilikuwa kuchagua jiwe, kulirundikia magogo, mizizi na matairi mabovu, kuwasha moto na kusubiri mpaka jiwe lianze kulia. Likishalia, ndipo nyundo na mtalimbo vinaingia. Alirudi nyumbani na masizi kwenye nyusi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchelewa, Jumapili nyingine masizi hayo aliingia nayo kanisani. Aliimba besi kwenye kwaya. Alikuwa mkubwa wa mwili, mzito wa kusema, na mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Ukimwambia chai ina sukari nyingi alikunywa vikombe viwili. Nilimpenda, na alinichosha. Mungu ampumzishe kwa amani.

Mimea ilianza kiangazi kimoja, walipokuwa wameshapanga magogo juu ya jiwe kubwa la upande wa magharibi. Mhoja alihamisha gogo moja ili likae vizuri, akaona kwenye ufa, chini ya kichaka cha miiba, kundi la vimea vidogo vya rangi ya chai kavu, majani yamejikunja kwa ndani kama ngumi. Akadhani vimekufa. Akavunja jani moja. Ndani lilikuwa la kijani na lina maji, mwezi wa tisa, wakati miiba yenyewe ilikuwa imekata tamaa. Akaanza kuondoa magogo.

Luhaga, mwenzake wa kazi, akamwuliza, "Jiwe lina nini?"

"Lina mtu," Mhoja akajibu.

Luhaga alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo mimea ile akaiita mke mdogo wa Mhoja. Tukikutana njiani aliniambia, "Shemeji, mke mwenzio hajambo?" Nami nikamjibu hajambo, ila hapiki wala hafui. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Baada ya mwaka mmoja ilinikera, kwa sababu Mhoja alikuwa anapanda mlimani hata siku ambazo hakuna kazi, na nikimwuliza alikuwa wapi anasema, "Nimekwenda kuangalia." Kuangalia nini, wakati kitu chenyewe kimejikunja na hakiongei?

Aliyetueleza kilikuwa nini ni Favour, binti wa kutoka Mara aliyekuwa anafanya utafiti wa mimea ya vilima vya mawe kwa ajili ya masomo yake ya chuo. Alipiga magoti kwenye ufa ule kwa muda mrefu mpaka nikamhurumia magoti. Alisema ni aina ya shubiri, ndugu wa mbali wa ile alovera ya kwenye makopo, na kwamba pande hizi za ziwa ameiona kwenye vilima vichache sana. Haikui popote. Inataka ufa wenye udongo wa kujaza kiganja, majani yaliyooza ya kichaka cha miiba, kivuli cha kichaka hicho ikiwa changa, na mvua inayopita na kuondoka. Baada ya mvua inataka kulala, na usingizi wake ni mkavu. Mtu akiiamsha kwa maji katikati ya kiangazi, mizizi inaoza.

"Kwa hiyo, Baba Jonathan, usiihamishe," akamaliza.

Kumwambia Mhoja asifanye jambo. Binti wa watu hakujua.

Alihamisha nusu ya mimea ile. Akaileta nyumbani, akaichimbia shimo, akaijazia samadi nzuri ya ng'ombe niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mboga zangu, akaimwagilia. Ilinenepa. Majani yakawa yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na Mhoja akawa anapita mbele yangu akipiga mluzi. Kisha siku moja yote yakalala chini kwa pamoja, laini, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Favour aliporudi aliyatazama, akasema tu, "Umeishibisha mpaka imekufa." Mhoja hakubisha. Hiyo ndiyo mara pekee, na nilisikitika kwamba sikuwa na shahidi.

Iliyobaki mlimani aliilinda kwa maneno na kwa ukaidi, mpaka wapasuaji waliporudi upande ule na mawe mengine yakawa yamekwisha. Hapo hakukuwa na namna. Favour mwenyewe alikubali, akamwelekeza kwa simu, na Mhoja akaihamisha iliyokuwa imebaki. Safari hii alifanya kila kitu alichoambiwa. Akatengeneza kitanda cha kokoto na mchanga nyuma ya nyumba. Akang'oa kichaka cha miiba mlimani akakipanda kando yake, pale pale ninapoanika nguo, na gauni langu la Pasaka lina tundu begani kwa ajili hiyo. Akachimba mfereji ili maji ya bafuni yasipite karibu. Bafu lenyewe halikuwa na mfereji wa maana, lakini mimea ilikuwa nao. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za vuli, hakuna aliyeruhusiwa kupita pale na kikombe.

Jiwe lile lilipasuliwa, likavushwa ziwa, likawa msingi wa nyumba za watu, nadhani nyingine huko Mirongo, Mwanza mjini. Kama mimea hiyo ipo mahali pengine kwenye mlima wetu, Favour ameitafuta hajaiona. Iliyokuwa nyuma ya nyumba yangu ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mwezi wa saba moyo wa Mhoja ulisimama akiwa anapanda mlima, nyundo begani. Luhaga ndiye aliyembeba kumleta nyumbani. Sitaandika mengi juu ya siku hiyo. Padri alisema Bwana alimkuta kazini, na maneno hayo nimeyashika.

Sasa turudi mkekani.

Aliyekuwa anamwagilia ni Selina, dada yake mkubwa Mhoja, ambaye ni wifi yangu. Aliolewa Ukerewe, anaishi Nansio, ana michungwa na mihogo na udongo mweusi unaoshukuru kila tone. Alipofika msibani alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kulia peke yake, akaona mimea ya kaka yake imekuwa ya kahawia, imejikunja. Akarudi mbele akawaambia watu, "Hata mimea yake inamlilia." Akachukua ndoo. Kisima kiko chini bondeni, na yeye ana magoti mabovu, lakini alikwenda asubuhi na jioni.

Siku iliyofuata nilimwita. Akaja akifuta mikono kwa khanga, macho yamevimba.

"Wifi, naomba ukae kidogo."

"Sikai, maharage yako jikoni."

"Ile mimea ya nyuma. Usiimwagilie tena."

"Usihangaike na mimea. Wewe omboleza mumeo."

"Hiyo ni mimea ya huyo mume. Ukiipa maji inakufa."

Selina akamtazama Mama Rose. Mama Rose akamtazama Selina. "Wifi," Selina akasema polepole, "ni kitu gani kinakufa kwa maji?"

"Hata mtu anakufa kwa maji. Kaa ufukweni utaona."

Mama Rose akaziba mdomo kwa khanga, sijui kwa mshtuko au kwa kicheko. Selina akanipapasa kichwa. "Hajalala tangu juzi," akawaambia wenzake. "Mleteeni uji."

Wakaniletea uji. Nikaunywa kwa hasira.

Nikamtuma mwanangu Jonathan, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, aliyekuwa ameketi nje na wazee. Alikwenda nyuma, akarudi akachungulia mlangoni. "Mama, shangazi amesema ataangalia." Tangu akiwa mdogo Jonathan anamwogopa shangazi yake, na nilimwona machoni kwamba mazungumzo yalikuwa mafupi.

Nikamtuma Luhaga, alipokuja kunipa pole. Yeye huyu aliyeitania mimea miaka yote, nikadhani angalau anajua habari zake.

"Luhaga, nenda nyuma uwaambie waache."

"Nakwenda, shemeji."

Alikawia. Aliporudi alikuwa amelowa miguuni mpaka kwenye magoti. "Nimewaambia," akasema.

"Wakasemaje?"

"Wamenipa ndoo niende kisimani."

Nilisali. Sikusali kwa utulivu kama inavyotakiwa. Nilimwuliza Mungu kwa nini aliumba kitu kinachouawa na wema, halafu akakiweka katika nyumba ambayo watu wote wamekuja kwa ajili ya wema. Mama Rose akasikia midomo yangu inakwenda, akafurahi kwamba ninasali. Baadaye akaniinamia sikioni. "Mama Jonathan, ile alovera, nikikata majani mawili si vibaya? Mtoto ana mba."

"Si alovera."

"Inafanana."

"Mama Rose, ukikata jani pale, mimi nitainuka hapa, na desturi ibaki mkekani yenyewe."

Hakukata. Nashukuru kwa hilo. Lakini maji hayakukoma, na kila jioni niliyasikia. Kidogo hapa, kidogo pale.

Siku ya kuanua matanga tulisali, ukoo ukakaa, nikaogeshwa, nikavishwa nguo safi. Nilipoambiwa sasa niko huru kutoka nje, sikupita mlango wa mbele walikokuwa wananisubiri. Nilipita wa uani.

Nilikuta watu wamesimama mbele ya mimea, wanaitazama. Ilikuwa imefunguka. Majani yote yamenyooka, ya kijani, yana madoa meupe yanayoonekana vizuri, yamejaa, yanang'aa. Sijawahi kuiona nzuri vile hata wakati wa masika. Selina alisimama pembeni na ndoo tupu, machozi yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Umeona, wifi? Imefufuka."

"Mungu ni mwema," wanawake wa jumuiya wakaitikia, na mmoja akaanza wimbo.

Nilipiga magoti, nikabonyeza shina la wa kwanza kwa kidole. Kidole kikazama.

Nikaung'oa. Nikang'oa na wa pili. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, na harufu yake ilitufikia sote. Wimbo ukafia katikati. Nikaendelea kung'oa, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yangu nikamsikia wifi yangu analia kwa sauti ambayo hakulia hata kaburini.

"Anang'oa mimea ya kaka yangu. Mbele ya macho yangu. Jonathan, mshike mama yako."

"Asinishike mtu," nikasema. "Nileteeni kisu."

Hakuna aliyeleta kisu. Fikiria mwenyewe: mjane ndiyo kwanza ametoka ndani, nguo nyeupe, mikono imejaa tope, anadai kisu. Nilikwenda jikoni nikakichukua mwenyewe, na sufuria zangu nikaziona huko, mbili zimeungua.

Nilimpigia Favour. Alinipa pole, kisha bila kupoteza muda akaniambia nikate sehemu iliyooza mpaka nione nyama nyeupe, nipake jivu kwenye kidonda, niweke mahali penye hewa na kivuli, na nisiguse udongo mpaka kidonda kiote ngozi. Nilikata kutwa. Mingi ilikuwa imeoza mpaka moyoni, hapakuwa na pa kukatia. Iliyobaki na moyo mgumu ilikuwa michache, pamoja na vichipukizi vidogo vilivyokuwa pembeni ambako ndoo haikufika vizuri. Nikaipanga kwenye ungo, nikauweka juu ya banda la kuku, upande wenye kivuli. Mingine yote niliitupa nyuma ya choo.

Selina hakuondoka, kwa sababu aliahidi kukaa mpaka misa ya arobaini, lakini hakusema nami. Tulilala chumba kimoja yeye akiwa ameelekea ukutani. Alinipikia, akaniwekea chakula mbele yangu, akaondoka. Mimi nami sikuwa na maneno mazuri, na mabaya niliyokuwa nayo niliyapeleka kwenye rozari. Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na Mama Rose, na zaidi ya wote nilikuwa nimechoka na Mhoja, aliyekwenda zake akaniachia jambo lisiloelezeka kwa watu.

Asubuhi moja alinifuata nikiwa nachambua dagaa. Alikuwa ameshika kopo lenye samadi, na mkono wa pili ulikuwa na kitu cheusi kinachodondoka. Nikaelewa. Alikuwa amekwenda nyuma ya choo kuokota mmoja wa ile niliyoitupa ili aupande kwa siri, aniokolee mali ya kaka yake dhidi yangu mwenyewe.

"Wifi," akasema. "Umekatika. Nimeushika tu, umekatika."

"Ndiyo."

"Ndani ni maji matupu."

"Ndiyo, wifi."

Akakaa kwenye kigoda, kopo mapajani. "Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni."

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

Alilia, na safari hii nilimsogelea. Hatukuombana msamaha. Nilimpa nusu ya dagaa achambue, akachambua. Baadaye akauliza, "Ile ya kwenye ungo itapona?" Nikamwambia sijui. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anafukuza kuku.

Misa ya arobaini ilisomwa kaburini, kisha padri akaja nyumbani kubariki mji, kama ilivyo kawaida yetu. Watu walikuwa wengi. Padri alizunguka nyumba akinyunyiza maji ya baraka, sisi nyuma yake tukiimba: mlango wa mbele, madirisha, jiko, zizi la mbuzi. Alipofika uani, Mama Rose akatangulia mbele. Ana moyo mzuri, Mama Rose, lazima niseme.

"Padri, na hapa pia. Hii ndiyo mimea ya marehemu, inaumwa." Akaonyesha ungo juu ya banda la kuku.

Padri akachovya, akainua mkono.

Mimi nimebatizwa nikiwa mchanga. Chupa ya maji ya baraka haikauki kando ya kitanda changu, na sijawahi kumkatalia padri kitu. Nikaona mtu amepita kando yangu haraka na magoti yake mabovu, akasimama kati ya padri na banda, mikono ameitandaza kama anazuia mbuzi.

"Baba, samahani," Selina akasema. "Hii haitaki maji."

Wimbo ukanyamaza. Padri akabaki na mkono juu. "Hata ya baraka?"

"Hata ya baraka, baba. Mimi ndiye niliyekaribia kuimaliza kwa maji. Tafadhali."

Watu wakaanza kunong'ona. Nyuma kabisa nikamsikia Luhaga anamwambia mtu, "Huenda mke mdogo si Mkatoliki," na kicheko kikapita kwenye kundi, watu wakijifanya wanakohoa. Padri alimtazama Selina, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaurudisha mkono chini, akaufuta kwenye kanzu mpaka ukakauka, kisha akaunyoosha juu ya ungo bila kugusa kitu, akasali kimya. Sala ilikuwa ndefu kuliko ya zizi.

Vidonda vilipoota ngozi tulipanda mlimani, mimi, Selina na Luhaga. Luhaga alikuwa ameongea na wenzake juu ya jiwe la mwisho upande wa juu, ambalo lina nyufa na kichaka cha miiba kimekaa vizuri upande wa jua la mchana.

"Wamekubali kutolichoma," akaniambia. "Wamebisha siku mbili, ila wamekubali. Wameuliza mpaka lini."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia wamwulize Mhoja." Akageuka akajifanya anatafuta njia, na tukamwacha ajifanye.

Tuliishindilia kwenye nyufa kwa vidole, tukajaza udongo kidogo wa pale pale na majani makavu ya kichaka, tukaizungushia mawe madogo. Hatukumwagilia. Tulipomaliza Selina alibaki amesimama, viganja vyake vinafunguka na kufunga, kwa sababu kwao ukishapanda kitu kinachofuata ni maji na mwili wake ulikuwa unasubiri. Nikamshika mkono tukashuka. Wiki ile akapanda meli kurudi Nansio.

Kiangazi kilichobaki kilikuwa kirefu. Nilikuwa napanda mlimani naikuta imejikunja, ya kahawia, na hiyo ndiyo shida ya mmea huu: ukiwa umelala na ukiwa umekufa, sura yake ni moja. Ukiuvuta kuhakikisha, umeuua. Nilishuka kila mara nikiwa nimemkasirikia Mhoja upya, halafu nikifika nyumbani nawasha mshumaa na kumwombea.

Mvua za vuli zilikuja mwishoni mwa Oktoba, kwa radi na fujo zote. Nilisubiri zipige mara kadhaa ndipo nikapanda. Mmoja ulikuwa umeliwa na pimbi. Unaunusuru na ndoo za watu, unasumbuka nao, unautunza kama yai, halafu pimbi anakuja kuutafuna hadi kwenye mizizi. Mwingine ulikuwa mweusi. Iliyosalia ilikuwa imefungua majani, midogo, ya kijani, ina madoa. Niliogopa kuigusa. Nikatia kidole kwenye shina la mmoja, nikabonyeza. Haukubonyea.

Nilikaa juu ya jiwe lililolowa. Mtu ambaye angeipokea habari hiyo vizuri, kwa kuibishia kwanza, alikuwa amelala chini kule makaburini, na paa zetu na ziwa vilikuwa vinaonekana wazi kabisa baada ya mvua. Nililia mpaka nikamaliza. Kisha nikampigia wifi yangu.

"Umeiona?" akauliza kabla ya salamu.

"Nimeiona."

"Inabonyea?"

"Haibonyei. Migumu kama vidole."

Nilimsikia anavuta pumzi, anapenga kamasi, anamwambia mtu aliyekuwa naye anyamaze. Kwa mbali radi ikanguruma tena upande wa ziwa, na nadhani aliisikia kwenye simu.

"Wifi," akasema, "hiyo ni mvua?"

"Ni mvua."

"Kubwa?"

"Kubwa kiasi."

"Si itaizidi hiyo? Hamna turubai huko? Mwambie Luhaga apande na turubai, aifunike."

"Selina," nikasema. "Mvua hii inaitaka."

"Una hakika?"

Matone yalikuwa yameanza kunipiga mgongoni. Nikamwambia nina hakika, nikakata simu, nikaanza kushuka kabla jiwe halijateleza.